Kwanini timu za futiboli za vyuo Marekani zinashindwa na pleibuku ngumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila msimu ukianza, mwisho wa Agosti hivi, maswali yanakuja yaleyale, kutoka kwa watu wa Dar na Nairobi wanaokesha na mechi za Jumamosi na kutoka kwa ndugu zetu waliopo Ohio, Texas na Minnesota ambao watoto wao wameanza kucheza huko. Nimeyakusanya hapa. Naongelea futiboli ya Marekani, ile ya helmeti, na naongelea ya vyuo, ingawa NFL, ligi ya kulipwa, itatajwa sana maana nusu ya tatizo linaanzia huko.

Pleibuku ni nini hasa? Ni kitabu kweli?

Zamani lilikuwa faili nene la karatasi, siku hizi wengi wanapewa kwenye tableti. Ndani yake kuna michoro ya plei. Plei moja ni kile kinachotokea kuanzia snepu, yaani pale senta anapourusha mpira nyuma katikati ya miguu yake, mpaka refa apulize kipyenga, na yote hiyo ni sekunde chache tu. Kwenye hizo sekunde wachezaji wote 11 kila mmoja ana kazi yake: watano wa laini ya mbele wanatakiwa wajue nani anamzuia nani, marisiva, wale wa kudaka pasi, wanajua wakimbie yadi ngapi kabla ya kukata kona, ranabeki, yule wa kukimbia na mpira, anajua kama anachukua mpira au anabaki kumlinda kwotabeki, na kwotabeki mwenyewe, yule anaepokea snepu na kutupa pasi, anatakiwa ajue kazi za wote.

Alafu plei hiyohiyo moja inaweza kuchezwa kwa mipangilio tofauti, risiva mmoja akahamishwa kutoka kushoto kwenda kulia kabla ya snepu, ulinzi wa kwotabeki ukabadilishwa, na hapo plei moja imekuwa plei kumi kwa mtu anaeikariri. Kwenye mifumo iliyotokana na ile ya West Coast, ya pasi fupifupi, ya kina kocha Bill Walsh, jina la plei moja linaweza kuwa sentensi nzima, mpangilio umo, nani anahama umo, ulinzi umo, njia za marisiva zimo, na kwotabeki anatakiwa aisikie mara moja, aibebe kichwani, awatamkie wenzake kumi bila kuruka neno.

Kwahiyo shida ni kwamba hawa vijana hawana akili?

Hapana jamani, na hili naomba lieleweke mapema maana linaniudhi kila nikilisikia kwa wachambuzi. Kijana wa miaka 19 anaweza kabisa kukariri michoro 200, wapo wanaosoma uhandisi huku wanacheza. Kinachokosekana ni muda.

Sheria ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, iliyoanza 1991, inasema msimu ukiwa unaendelea shughuli za lazima za timu zisizidi saa 20 kwa wiki na zisizidi saa 4 kwa siku, na siku moja ya wiki lazima wapumzike kabisa. Mechi yenyewe inahesabiwa saa 3 hata ikichukua zaidi. Zinabaki 17. Humo toa kuinua vyuma, toa vikao vya kuangalia video, toa mazoezi ya wale wa kupiga mpira kwa mguu, toa muda wa kujifunza mpinzani wa wiki hii anachezaje maana kila wiki mpinzani ni mwingine, sasa kinachobaki cha kusimama uwanjani watu 11 kwa 11 na kukimbia plei zenu wenyewe ni kidogo mno. Kabla ya msimu kuna mazoezi 15 ya majira ya machipuko na mengine kama 25 ya Agosti, basi.

Ni kweli NCAA ilipowauliza wachezaji wenyewe wengi walisema futiboli inawala zaidi ya saa 40 kwa wiki. Lakini humo kuna safari, kuna kukandwa na kufungwa barafu, kuna mazoezi ya hiari. Kocha hawezi kusimama mbele yao akafundisha plei mpya muda wote huo.

Mchezaji wa NFL hana mtihani wa kemia Alhamisi. Futiboli ndo kazi yake kuanzia asubuhi, na kama ana bahati anakaa kwenye mfumo mmoja miaka mingi. Wa chuo ana misimu minne ya kucheza ndani ya miaka mitano, na mwaka wa kwanza mara nyingi yuko benchi.

Nipe hesabu basi, plei nyingi zinaharibu vipi?

Tuseme kikosi cha kwanza kinapata plei 40 za mazoezi kwa siku, siku nne kwa wiki, hizo ni 160. Kocha akija na plei 80 kwa ajili ya Jumamosi, kila moja imejaribiwa mara mbili. Mara mbili tu, na hapo ni kama hakuna alieumia wala kuchelewa. Akija na 20, kila moja imejaribiwa mara nane, na bado msimu uliopita walizicheza hizohizo.

Hesabu ya pili ndo inayoumiza zaidi. Chukua timu ambayo kila mchezaji anaipatia kazi yake mara 95 kati ya 100, ukimwangalia mmoja mmoja utasema hawa wako vizuri sana. Ila plei inahitaji wote 11 wapatie kwa wakati mmoja, na 95 kwa 100 ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe mara 11 unapata kama 57 kwa 100. Yaani karibu nusu ya plei zao kuna mtu mmoja mahali fulani kakosea. Wakipanda mpaka 99 kwa 100 unapata karibu 90. Tofauti ya 95 na 99 kwa mtu mmoja huioni kwa macho, kwenye ubao wa matokeo unaiona. Ni kama kwaya, wakiimba kumi vizuri na mmoja yuko ubeti mwingine, kanisa zima linamsikia yule mmoja.

Ndo maana nasema ugumu wa pleibuku unapimwa kwa yule anaejua kidogo kuliko wote kati ya wale 11. Kwotabeki wako akiwa mwerevu namna gani, kama gadi wa kushoto, mmoja wa wale watano wa laini ya mbele, ni mtoto wa mwaka wa kwanza alieingia kwasababu mkubwa wake kavunjika kidole, pleibuku yenu wiki hiyo ni ya yule mtoto.

Si wasome usiku tu mabwenini? Mbona wanafunzi wengine wanasoma?

Kusoma wanasoma. Tatizo ni kwamba kuijua plei kwenye karatasi na kuicheza ni vitu viwili mbalimbali.

Chukua njia moja tu ya risiva, ile inayompa uchaguzi. Karatasi inasema: kimbia yadi 12, kama beki amekaa nyuma yako akilinda kina, geuka urudi kumwangalia kwotabeki, kama beki amekubana na yuko mbele ya mguu wako wa ndani, endelea moja kwa moja. Rahisi, sentensi moja. Sasa uwanjani risiva anakimbia kasi yake yote, beki anaigiza, hatua tatu za kwanza anarudi nyuma kama analinda kina alafu anasimama ghafla, na wakati huohuo kwotabeki yuko umbali wa yadi 20 huko nyuma, kuna jitu la kilo 130 linamjia, na yeye nae anatakiwa amsome beki yuleyule na afikie uamuzi uleule na risiva bila kuongea, maana mpira anautoa mkononi kabla risiva hajageuka. Risiva akiona "geuka" na kwotabeki akaona "endelea", mpira unatua mahali hamna mtu wa timu yenu, na mara nyingi kuna mtu wa timu nyingine. Kwenye TV mtangazaji anasema kwotabeki katupa vibaya. Hakutupa vibaya. Wawili wamesoma kitu tofauti.

Hiyo inatibiwa na kurudia tu. Wawili haohao, njia hiyohiyo, mamia ya mara, mpaka mmoja anajua mwenzake anavyoinamisha bega kabla hajakata. Bweni halina beki.

Nasikia kuna sekunde 40, hizo zinahusikaje?

Zinahusika sana. Plei ikiisha saa inaanza kuhesabu kutoka 40, na kabla ya sifuri mpira uwe umechezwa, la sivyo mnarudishwa yadi 5. Humo ndani kocha achague plei, aipeleke uwanjani, wachezaji waielewe, wajipange, kwotabeki aiangalie difensi, yaani wapinzani wanaozuia, senta aonyeshe ni lainibeka gani (mlinzi anaesimama nyuma ya laini ya mbele ya difensi) ndo wa kuhesabia ulinzi, kama difensi inatishia blitzi, yaani kutuma watu wa ziada kumkimbilia kwotabeki, wabadilishe ulinzi, wamwambie na ranabeki, alafu ndo snepu. Plei yenye jina refu inakula sekunde 10 nzuri kabla mtu hajasogea.

NFL wana redio kwenye helmeti ya kwotabeki tangu 1994. Vyuo vikubwa vimeruhusiwa 2024 tu, baada ya lile sakata la wizi wa ishara lililoitikisa Michigan 2023, na redio inakatika saa ikifika sekunde 15. Kabla ya hapo zilikuwa ishara za mikono na mabango yenye picha pembeni ya uwanja, risiva aliyeko upande wa mbali anakodoa macho kuangalia watu watatu wanaopunga mikono ilhali mmoja tu ndo wa kweli. Na hata sasa redio ni ya mchezaji mmoja, wale kumi bado wanahitaji kuambiwa.

Kwani uwanja wa chuo si sawa na wa NFL? Plei zile si zitafanya kazi tu?

Urefu na upana ni sawasawa. Lakini angalia zile alama ndogo katikati, ambapo mpira unawekwa kabla ya kila plei. NFL alama za kushoto na kulia zimeachana futi 18 na nusu hivi, yaani mpira karibu siku zote uko katikati. Vyuoni zimeachana futi 40. Kwahiyo plei ikiishia pembeni, inayofuata inaanzia upande mmoja, una eneo kubwa mno upande mmoja na kipande chembamba upande wa pili.

Hii inabadilisha kila kitu. Pasi ya kwenda nje ambayo NFL ni ya kawaida, chuoni kwenye upande mpana ni safari ndefu ya mpira hewani na mkono wa kijana wa miaka 20 haufiki kwa wakati, beki anafika kwanza. Kocha anaetoka NFL akikopi michoro yake kama ilivyo anajikuta nusu ya pasi zake hazina mtupaji. Kwa upande mwingine upana huo ni zawadi kwa mifumo ya spredi, ile ya kutandaza marisiva uwanja mzima, unampa mchezaji wako mwepesi mpira haraka kwenye eneo wazi na inatosha, hakuna cha kuficha.

Kwanini makocha waliong'ara NFL wengine wanakwama vyuoni?

Hapa nitakaa kidogo maana mifano ipo mizuri.

Kocha Charlie Weis alifika chuo cha Notre Dame 2005 akitokea New England Patriots ya NFL, ana pete za Super Bowl, fainali ya NFL, alikuwa anapanga ofensi, yaani upande wa kushambulia, ya kwotabeki Tom Brady. Miaka miwili ya kwanza mambo yalikuwa safi, 9 kwa 3, yaani kushinda 9 na kufungwa 3, alafu 10 kwa 3. Ila angalia nani alikuwa kwotabeki: Brady Quinn, mwaka wake wa tatu na wa nne, na kundi la wakubwa lililocheza pamoja muda mrefu. 2007 Quinn kaenda NFL, wakubwa wameondoka, wameingia watoto, kwotabeki Jimmy Clausen mwaka wa kwanza. Mechi tatu za mwanzo walipigwa 33-3 na Georgia Tech, 31-10 na Penn State, 38-0 na Michigan, na kwenye zote tatu ofensi haikufunga tachidauni hata moja, yaani haikufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani. Msimu ukaisha 3 kwa 9, wakiwa wa mwisho nchini kwa yadi walizopata. Weis yuleyule, akili ileile, michoro ileile. Wanaotakiwa kuibeba ndo walikuwa wengine.

Na mwaka huohuo, Novemba, wakafungwa na Navy 46-44 baada ya muda wa nyongeza mara tatu. Notre Dame ilikuwa imeifunga Navy miaka 43 mfululizo. Navy, vijana ambao baada ya chuo wanaenda jeshini, wepesi kwa kilo, wanacheza ule mfumo wa opsheni wa kukimbia mpira, ambao kwotabeki anaamua palepale abaki nao au ampe mwenzake, plei zao za msingi unaweza kuzihesabu kwa vidole, ila wamezirudia mpaka wanazicheza usingizini.

Mwingine ni Bill Callahan. Alikuwa kocha mkuu wa Oakland Raiders waliofika Super Bowl Januari 2003, na 2004 akapewa Nebraska, chuo ambacho kwa miongo kilikula kwa opsheni. Akaitupa opsheni, akaleta West Coast. Kwotabeki aliyemkuta, Joe Dailey, alikuwa kaletwa kwa ajili ya mfumo wa zamani wa kukimbia. Msimu wa kwanza 5 kwa 6, msimu wa kwanza wa kufungwa zaidi ya kushinda tangu 1961. Mwezi wa kumi mwaka huo walienda Texas Tech wakapigwa 70-10, na kocha wa Texas Tech alikuwa Mike Leach, mtu ambae wachezaji wake hawakupewa pleibuku kabisa. Kuwa mkweli, Callahan alipopata kwotabeki anaefaa, Zac Taylor, 2006 walishinda mechi 9 na kuchukua kundi lao. 2007 wakaanguka tena 5 kwa 7 na akafukuzwa. Siamini alikuwa kocha mbovu, kazi yake ya baadae na laini za mbele NFL inajulikana. Alifundisha kama vile ana wiki nzima ya kufundisha.

Huyo Mike Leach alifanyaje bila pleibuku?

Leach hakucheza futiboli chuoni, alisoma sheria. Yeye na Hal Mumme walianza na mfumo wao wa Air Raid pale Iowa Wesleyan, chuo kidogo sana, 1989, wakaenda Valdosta State, alafu Kentucky 1997 ambako kwotabeki Tim Couch akaja kuwa chaguo la kwanza kabisa la drafti ya NFL 1999, pale timu zinapochagua wachezaji wapya. Wazo lao lilikuwa la wazi: plei chache, kila siku. Marisiva wawili wanapishana katikati wakikaribia kugusana, wanne wanakimbia moja kwa moja, mmoja anakata uwanja kwa mshazari, na chache nyingine. Risiva wa kushoto anakaa kushoto maisha yake yote, hahami, ili ajue njia zake chache kama anavyojua jina lake. Mazoezini kila mmoja ana mpira, hakuna anaesimama kwenye foleni kuangalia, kwahiyo kwa muda uleule kijana anapata marudio mengi zaidi.

Kitu watu hawakielewi ni kwamba kwa mpinzani haikuonekana rahisi. Plei moja aliicheza kutoka kwenye mipangilio mingi na kwotabeki alipewa ruhusa ya kuibadilisha akiona nafasi. Difensi inaona sura ishirini, ofensi yenyewe inajua vitu sita. Septemba 2020, mechi yake ya kwanza Mississippi State, mwaka ambao korona ilifuta mazoezi ya machipuko, aliwafunga LSU waliokuwa mabingwa watetezi 44-34 na kwotabeki wake K.J. Costello akatupa yadi 623, rekodi ya ligi ya SEC.

Kocha Chip Kelly pale Oregon kuanzia 2009 mpaka 2012 alikuwa na wazo la jirani, aina chache za kukimbia mpira lakini kwa mwendo wa kutokupa pumzi, 46 kwa 7. Na Ohio State ya 2014 ndo mfano ninaoupenda zaidi: kwotabeki wa kwanza kaumia kabla ya msimu, wa pili kavunjika kifundo cha mguu dhidi ya Michigan, wa tatu, Cardale Jones, akaingia akawapiga Wisconsin 59-0, Alabama 42-35 na Oregon 42-20 wakabeba ubingwa. Mpange mtu wa tatu ndani ya pleibuku ya kurasa 400 uone. Ranabeki Ezekiel Elliott alikuwa anakimbia nyuma ya laini ileile, plei zilezile, yadi 230 kwa Alabama na 246 kwa Oregon.

Basi rahisi ndo jibu siku zote?

Siku zote hapana. Wiki moja tu baada ya ile ya LSU, Arkansas waliwawekea Mississippi State watu wanane nyuma wa kulinda pasi, watatu tu wanamkimbilia kwotabeki, wakashinda 21-14. Ukiwa na vitu vichache, mpinzani mwenye nidhamu anaweza kuvifunga vyote, na kama huna jibu la pili umekwisha. Kwahiyo rahisi inahitaji vitu viwili, wachezaji wanaoitekeleza kwa ukamilifu na majibu machache yaliyoandaliwa kwa kila njia difensi itakayojaribu.

Mbona Nick Saban aliweza na difensi yake ngumu? Na LSU 2019?

Saban, aliyekuwa kocha wa Alabama, swali zuri. Difensi yake ya kulinda pasi, ambayo mabeki wanaanza kama wanalinda maeneo alafu wanageuka kumfuata mtu kulingana na risiva anavyokimbia, ni kati ya vitu vigumu kufundisha, aliiendeleza na kocha Bill Belichick walipokuwa timu ya NFL ya Cleveland 1991 mpaka 1994. Na alichukua mataji sita Alabama. Ila kumbukeni mwaka wake wa kwanza, 2007, uwanjani walimaliza 7 kwa 6 na walifungwa nyumbani na Louisiana-Monroe. Mambo yalikaa sawa mfumo ulipobaki uleule mwaka baada ya mwaka, na yule wa mwaka wa kwanza alikuwa anafundishwa na wa mwaka wa tatu kabla hata kocha hajafungua mdomo. Makodineta, yaani wasaidizi wanaosimamia ofensi au difensi, walibadilika, lugha haikubadilika. Na vipaji vyake vilimruhusu kumwacha kijana benchi mwaka mzima ajifunze, vyuo vingi haviwezi.

LSU 2019, 15 kwa 0, kwotabeki Joe Burrow tachidauni 60 za kutupa. Watu wanasema kocha msaidizi Joe Brady alileta ofensi ya NFL kutoka New Orleans Saints. Alileta mawazo, ndio, lakini ukiangalia walichofanya ni kutandaza marisiva watano, kumpa Burrow picha safi ya difensi, na mpira unatoka haraka. Na Burrow alikuwa mwaka wake wa tano chuoni, msimu wa pili na marisiva Ja'Marr Chase na Justin Jefferson.

Potali ya uhamisho imebadilisha nini?

Imebadilisha mengi. Potali, mfumo ambao mchezaji anaetaka kuhama chuo anaandikisha jina, ilifunguliwa Oktoba 2018, kuanzia 2021 mchezaji anaweza kuhama mara moja bila kukaa nje mwaka mzima, na tangu 2024 hata zaidi ya mara moja ilimradi masomo yako sawa. Sitaki kuwalaumu vijana, makocha wenyewe wanahama kila siku wakiitwa na mshahara mkubwa. Lakini pleibuku inajengwa kwa watu kukaa pamoja, na sasa timu zinaanza Agosti na nusu ya chumba hawajuani majina.

Colorado ya kocha Deion Sanders 2023 ilibadilisha karibu kikosi kizima. Wakashinda tatu za kwanza dunia nzima ikashangilia, wakamaliza 4 kwa 8, kwotabeki Shedeur Sanders akiwa ameangushwa zaidi ya mara 50, na katikati ya msimu wakambadilisha hata anaeita plei. Laini ya mbele ndo inaumia zaidi na uhamisho, maana watano wale wanaongea kwa kugusana na kwa neno moja moja, na huwezi kununua hilo mwezi wa tano. Mwaka uliofuata walimaliza 9 kwa 4.

Njia nyingine aliionyesha kocha Curt Cignetti, aliyeenda Indiana kwa msimu wa 2024 na wachezaji zaidi ya kumi pamoja na makodineta wake wote kutoka James Madison. Chuo kilichotoka 3 kwa 9 kikamaliza 11 kwa 2. Wale waliokuja nae tayari walikuwa wanaongea lugha yake, wakawafundisha wengine.

Nikiwa naangalia, nitajuaje timu imezidiwa na pleibuku yake?

Angalia kabla ya snepu, usiangalie mpira. Kwotabeki anapiga makofi na kuzunguka kuwapanga wenzake kwa mikono huku saa iko sekunde 5, hiyo timu imezidiwa. Taimauti zinaisha mapema robo ya tatu kwasababu hawajajipanga. Mtu wa difensi anamfikia kwotabeki bila kuguswa na yeyote, alafu walinzi wawili wanaangaliana. Marisiva wawili wanajikuta sehemu moja. Baada ya pasi kukosa, kwotabeki ananyoosha mkono kumwonyesha risiva alipotakiwa aende na risiva nae anafungua mikono.

Na angalia plei 15 za kwanza, makocha wengi wanaziandika na kuzifanyia mazoezi wiki nzima. Timu ikipendeza mwanzoni alafu robo ya pili ikapotea, mara nyingi wamemaliza walichokifanyia mazoezi na sasa wanacheza vya kwenye karatasi.

Mwanangu kapata nafasi kwenye timu ya chuo huko, nimwambie nini?

Hongera sana mzazi. Kwanza kabla hajasaini amuulize kocha maswali haya: kodineta wa upande wake yupo tangu lini, msimu uliopita wa mwaka wa kwanza wangapi walicheza nafasi yake, na plei mpya inafundishwaje, kwa karatasi tu au wanaitembea uwanjani kwanza. Kocha mzuri anajibu hayo bila kujizungusha.

Akishafika, asikariri mstari wake peke yake. Ajifunze plei nzima inataka nini, nani anavutwa, nafasi inafunguka wapi, maana siku akihamishwa upande wa pili aliyekariri mstari anaanza upya. Amtafute mkubwa wa nafasi yake mapema. Mazoezi ya hiari ambayo wachezaji wanayaendesha wenyewe bila kocha hayahesabiwi kwenye zile saa 20, kwahiyo jioni ya kiangazi kwotabeki akisema twende tukatupe, aende, hata kama kachoka, hapo ndo marudio yanapopatikana. Alale. Na akiwa hajaelewa kitu kikaoni anyooshe mkono aulize palepale, wale wengine kumi wanaitegemea hiyo Jumamosi.